Kadi Haibishani: Mwongozo wa Abiria Nauli Inapopanda

Nauli ikipanda kwenye daladala, gari zima linajua. Konda anatangaza akiwa mlangoni, mama mwenye kapu anakataa, kijana wa siti ya nyuma anasema tangazo linaanza kesho si leo, mzee mmoja anatoa noti na kudai chenji kwa hesabu ya zamani. Gari likifika Buguruni kila aliyemo ameshajua bei halali ni ipi na nani anataka kuizidisha. Kelele zile zinachosha, lakini zinamlinda abiria. Ukigusa kadi getini hakuna wa kubishana naye. Mashine inalia mara moja, salio linapungua, unapita. Kama imekata mia moja zaidi ya jana utajua endapo umetazama kioo, na wengi wetu hatutazami.

Haya ni maelekezo kwa abiria wa Dar es Salaam, ambaye siku hizi anaishi kati ya mifumo miwili. Asubuhi anatafuta sarafu za daladala, mchana anagusa kadi kwenye pantoni la Kigamboni, jioni yuko kwenye mstari wa mwendokasi. Ubishi ule wa ndani ya gari ulikuwa unamfanyia kazi bila yeye kujua. Kadi inapoingia, kazi hiyo inabaki mikononi mwake.

Anza na nauli halali

Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Konda hapangi, tajiri mwenye gari hapangi, na mvua haipangi. Zinapangwa kwa umbali: safari isiyozidi kilomita 10 ni kundi la kwanza, kisha makundi yanaendelea kadiri njia inavyorefuka. Kwa hiyo swali la kuuliza si "nauli sasa hivi ni shilingi ngapi?" bali "njia yangu iko kundi gani?" Watu wawili wanaopandia kituo kimoja wanaweza kutozwa tofauti, na wote wawili wakawa wametozwa sawasawa.

Kumbuka tulikotoka, maana konda atakukumbusha kwa namna yake. Mwaka 2013 kundi la kwanza lilipanda kutoka shilingi 300 hadi 400. Likakaa hapo miaka tisa. Mei 2022, petroli ikiwa imevuka shilingi 3,000 kwa lita, likawa 500. Desemba 2023 likawa 600. Yaani ongezeko la nusu nzima ya nauli ya mwanzo lilikuja ndani ya muda usiofika miaka miwili, baada ya miaka tisa ya utulivu. Ndiyo maana liliuma kuliko tarakimu zake. Mwanafunzi alibaki kwenye 200 mara zote mbili.

Tangazo la nauli mpya huwa na tarehe ya kuanza, na siku kadhaa kati ya kutangazwa na kuanza ndizo za kuangalia kwa makini. Redio imeshasema, konda ameshasikia, na wapo wanaoanza kutoza siku hiyohiyo. Hifadhi picha ya jedwali la tangazo kwenye simu, siyo meseji ya kwenye kundi la WhatsApp iliyoandikwa na asiyejulikana. Jedwali linataja njia na bei. Ukimwonyesha konda jedwali, mara nyingi maneno yanaisha. Ukimwambia "nimesikia", yanaanza.

Mwendokasi una historia yake. Ulipoanza Mei 2016, njia kuu ilikuwa 650, basi la mlisho 400, na anayeunganisha mlisho na njia kuu alilipa 800. Fanya hesabu hiyo vizuri: aliyekata tiketi mbili tofauti alilipa 1,050, aliyejua kuuliza tiketi ya kuunganisha aliokoa 250 kila safari. Mwaka 2022 njia kuu ikapanda hadi 750. Bei hubadilika, ila swali la kuunganisha halizeeki. Popote unapobadilisha basi ndani ya mfumo mmoja, uliza kama kadi yako inatambua kwamba ni safari moja inayoendelea au inakukata upya. Usikubali jibu la "itakuwa". Jaribu mwenyewe mara moja, ukitazama salio kabla na baada.

Ongezeko ambalo halitangazwi

Sasa tuje kwenye jambo linaloweza kula fedha kuliko tangazo la nauli: kukatisha ruti. Gari limeandikwa Gongo la Mboto, umelipa ya Gongo la Mboto, likifika nusu ya njia konda anasema "mwisho hapa, tunageuza." Anageuza kwa sababu upande ule mwingine kuna nyomi ya watu na saa za jioni ni chache, na tajiri anasubiri hesabu yake usiku huohuo. Sababu zake zinaeleweka. Lakini nauli ya gari la pili inatoka mfukoni mwako.

Chukua mtu anayepanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, yote ya kundi la kwanza, siku 26 za kazi kwa mwezi. Kwa nauli ya 400 alikuwa anatumia 41,600. Kwa 500 ikawa 52,000. Kwa 600 ni 62,400. Ongezeko la Desemba 2023, lile lililojaza magazeti, lilimgharimu 10,400 kwa mwezi. Sasa mkatishie ruti jioni 18 tu kati ya zile 26, apande gari moja la ziada la 600: ni 10,800. Hakuna gazeti lililoandika, hakuna tangazo, na ameshalipa zaidi ya ongezeko lenyewe.

Ufanyeje? Kwanza, usishuke kimya. Dai nauli ya kipande kilichobaki, na udai mkiwa wengi, kabla gari halijageuza. Konda anayeombwa na mmoja hasikii. Akiombwa na watu sita anatafuta gari la mwenzake na kuwafaulisha, analipa yeye. Pili, andika namba ya gari, njia iliyoandikwa ubavuni, mahali lilipogeuzia na saa. Malalamiko yasiyo na namba ya gari hayana pa kuanzia. LATRA ina namba ya simu ya bure kwa ajili ya mambo haya, na ofisi ya mkoa inapokea barua. Ukilalamika mara moja huenda usione kitu, lakini gari lililoandikiwa mara nyingi kwenye njia ileile linatafutika.

Ongezeko la pili lisilotangazwa ni chenji. Nauli ya 600 na noti ya 1,000 zinaacha 400, na hapo ndipo konda anapochakacha sarafu kiganjani, noti zikiwa zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, na kukwambia "chenji yako nakupa mbele." Unafika mbele, watu wanasukumana kushuka, yeye yuko nje anaita abiria. Ukishuka ameshinda. Dawa yake ni ndogo: mpe noti huku ukitaja unachodai, kwa sauti ambayo jirani yako wa siti anasikia. "Nakudai mia nne." Shahidi mmoja anatosha.

Na kama unalipa kwa simu, angalia unatuma wapi. Namba binafsi ya konda ina makato ya kutuma, na kwa kiasi kidogo kama nauli makato hayo si madogo hata kidogo. Lipa Namba ni afadhali. Baadhi ya makonda wanayo, imebandikwa juu ya kioo cha dereva.

Kabla hujanunua kadi

Neno lililozoeleka serikalini ni kadi janja. Kadi ya N-Card ndiyo watu wengi wa jiji wameishika kwanza, kwa sababu ya pantoni la Magogoni na Kigamboni, na wengine waliipata kwa ajili ya mpira Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mwendokasi nao ulianza na kadi mwaka ule wa 2016, kisha kadi zile zikapisha tiketi za karatasi madirishani kwa miaka mingi, kabla ya kadi kurudi tena. Hilo likufundishe kitu kimoja cha vitendo: mfumo wa kadi unaweza kufa ukiwa na hela zako ndani.

Nairobi waliliona hilo mapema. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay kwa ajili ya matatu, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikaweka tarehe za kuwalazimisha wenye matatu waache kupokea fedha taslimu. Tarehe zikapita. BebaPay ikafungwa Machi 2015. Teknolojia ilifanya kazi. Kilichokwama ni kwamba fedha taslimu zilikuwa zinawalisha watu wengi kila siku, kuanzia makanga, yaani makonda wa huko, na dereva wanaokula kwenye kile kinachozidi hesabu, hadi askari barabarani, na hakuna aliyewauliza watakula nini zikienda moja kwa moja benki. Hapa kwetu hesabu ya tajiri ni ileile. Ukiambiwa kuwa daladala zote zitatumia kadi kufikia mwezi fulani, sikiliza kwa heshima, na uendelee kubeba sarafu.

Unaponunua kadi, usiondoke dirishani kabla hujajua mambo haya. Kadi inafanya kazi kwenye huduma zipi, maana inayokupitisha kivukoni si lazima ikupitishe kwenye kila geti la jiji. Ikipotea salio linahamishwa au limekwenda nayo. Salio lina muda wa kuisha au halina. Na namba yako ya simu imesajiliwa kwenye kadi hiyo au la. Swali hili la mwisho ndilo zito. Kadi isiyosajiliwa ni ya yeyote aliyeishika. Aliyeiokota ni tajiri kwa siku mbili. Iliyosajiliwa unaweza kuizuia kwa simu moja, kama una namba yake. Piga picha ya mbele na nyuma leo, si siku itakapopotea.

Kusajili kuna upande wake mwingine. Kadi iliyounganishwa na jina lako inajua ulipandia wapi na saa ngapi, kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje. Mimi nasajili, kwa sababu kupoteza salio kunaniuma zaidi. Mwingine ataona tofauti, na ana haki yake.

Uweke kiasi gani?

Hapa watu wa kipato kidogo wanabanwa kuliko wanavyoambiwa. Anayepata mshahara anaweka 30,000 mwanzo wa mwezi na kusahau. Anayeuza mihogo ya kukaanga anapata nauli ya kurudi kutokana na mauzo ya siku hiyohiyo. Kwake yeye, kulipa kabla si urahisi. Salio lililoko kwenye kadi ni mkopo ambao abiria amempa mwenye mfumo, na wenye uwezo mdogo wa kukopesha ndio wanaoombwa kila asubuhi.

Ushauri wangu ni kuweka nauli ya siku tatu hadi tano, si zaidi. Chini ya hapo utakuwa unaongeza salio kila siku, na kama njia unayotumia ina makato kila unapoongeza, makato hayo yanakuwa nauli ya pili. Juu ya hapo unabeba hatari ya kadi kupotea, mfumo kusimama, au nauli kubadilika ukiwa umeshajifunga. Kabla ya kuamua, ongeza salio mara moja kwa kila njia uliyo nayo: kwa simu, kwa wakala, dirishani. Linganisha kilichotoka kwako na kilichoingia kwenye kadi. Njia ambayo namba hizo mbili zinalingana ndiyo yako.

Usiongeze salio ukiwa umeshafika kwenye mstari. Nenda Magogoni saa moja asubuhi uone. Pantoni limeshafunguliwa, watu wanashuka upande ule, wanaosubiri wamejazana getini, na mbele yao yuko mmoja ambaye mashine imemkatalia. Anagusa tena. Inakataa tena. Anatoa simu, anaingiza namba ya siri huku anasukumwa, anakosea, anaanza upya. Nyuma mtu anasema "kaka, kaa pembeni basi!" na mwingine ananyoosha mkono juu ya bega lake na kumgusishia kwa kadi yake. Anapita, anahesabu sarafu amlipe aliyemsaidia. Salio liangalie usiku, ukiwa umekaa. Kuna watu wanaoandika kilichobaki kwenye kikaratasi na kukibandika nyuma ya kadi. Wanachekwa, lakini hawajawahi kunizibia njia.

Ukigusishiwa na mtu, mlipe nauli kamili na umalize hapo. Ukiona anayegusisha anadai zaidi ya nauli, hiyo ni biashara, na geti lenye biashara hiyo mara nyingi lina dirisha la tiketi ambalo limefungwa kwa sababu zake.

Mbele ya mashine

Gusa mara moja, tuliza mkono mpaka ilie, kisha soma. Kioo kinaonyesha namba mbili, kilichokatwa na kilichobaki. Soma ya kwanza. Watu husoma ya pili ili wajue kama kesho watapita, na ya kwanza ndiyo inayokwambia nauli imebadilika au umekatwa mara mbili. Ukivuta kadi mapema na kuigusa tena kwa haraka, unaweza kulipia abiria ambaye hayupo.

Kwenye nauli ya aina moja, kadi moja inaweza kupitisha familia: mama anagusa, mtoto anapita, anagusa tena, anapita yeye. Kwenye nauli ya umbali mambo hubadilika. Kigali wanatumia kadi za Tap&Go kwenye mabasi kwa miaka mingi sasa. Machi 2024 serikali ya Rwanda iliondoa ruzuku na nauli zikapanda, na Desemba mwaka huohuo wakaanza kwenye baadhi ya njia kutoza kwa umbali. Unapopanda, mashine inakata nauli ya njia nzima. Unaposhuka unagusa tena, na inakurudishia kipande ambacho hukusafiri. Ukisahau kugusa unaposhuka, umelipa mpaka mwisho wa njia. Mtindo huu ukija Dar, na sioni kwa nini usije kwa kuwa nauli zetu tayari ni za umbali, kadi moja haitabeba watu wawili, na mlango wa kushukia utahitaji nidhamu ileile ya mlango wa kupandia. Kwa anayesafiri vituo vitatu utakuwa nafuu kubwa. Kwa anayekaa mwisho wa lami hautamsaidia kitu.

Watoto wa shule wanahitaji uangalizi wao. Kwenye daladala, sare na kitambulisho ndivyo vinavyomwambia konda kwamba huyu ni 200, pamoja na ule ugomvi wa kila asubuhi wa magari yanayowaacha vituoni kwa sababu mwanafunzi ni nauli ndogo. Mashine haioni sare. Kadi ya mwanafunzi lazima isajiliwe kama ya mwanafunzi, vinginevyo inakata ya mtu mzima, na mtoto wa darasa la nne hatasoma kioo. Mzazi, panda naye siku ya kwanza na uangalie kilichokatwa. Mwisho wa wiki lichukue salio lake ulilinganishe na siku alizokwenda shule.

Halafu kuna dada wa kazi. Zamani alipotumwa Kariakoo alipewa noti, na chenji ya nauli ilikuwa mazungumzo yao na mama mwenye nyumba. Anapopewa kadi, ile chenji ndogo iliyokuwa vocha yake inatoweka. Nyumba zinazompa dada kadi zikumbuke kumwongezea mshahara kidogo. Na mkiwa mnapokea wageni kutoka mikoani mara kwa mara, wekeni kadi ya pili nyumbani yenye salio la safari mbili. Mgeni aliyeshuka stendi ya Magufuli na mabegi hana muda wa kujisajili.

Mtandao ukisumbua

Utasumbua. Hela imetoka kwenye simu, meseji ya muamala imeingia, kadi haijaongezeka. Kosa la kawaida ni kutuma mara ya pili papo hapo, ukapata salio mara mbili saa nne usiku au usipate kabisa. Subiri. Hifadhi ile meseji, usiifute hata baada ya salio kuingia, maana namba ya muamala ndiyo lugha pekee ambayo huduma kwa wateja wanaielewa. Ukipiga simu, taja namba ya kadi, namba ya muamala, kiasi na saa, kwa mpangilio huo, halafu uombe namba ya tatizo lako. Ukiambiwa "tunalifanyia kazi" bila namba, bado halijafanyiwa kazi.

Kwa kituo kilichozimika, beba fedha taslimu za safari moja ya kurudi, zimekunjwa mahali pasipo pochi. Kadi ikikataa na dirisha la tiketi likiwa limefungwa, usiruke geti hata kama wengine wanaruka. Ukaguzi ukija, aliyeruka na aliyekwamishwa wanaonekana sawa. Mwambie mlinzi wa geti kwamba mashine haisomi na piga picha kioo chake kikiwa kimezima. Picha ina saa ndani yake.

Siku ya nauli mpya kwenye mfumo wa kadi, fanya haya: usiku wa kuamkia siku hiyo andika salio, safari ya kwanza soma kilichokatwa, linganisha na tangazo. Kama kuna tofauti, una ushahidi wa safari moja, na hiyo inatosha kuanzia. Ukisubiri mwezi mzima hutakumbuka ulipanda mara ngapi.

Kabla haijapanda

Nauli haipandishwi usiku. Wenye magari, kupitia vyama kama DARCOBOA cha daladala, hupeleka maombi LATRA wakiwa na hesabu za mafuta, vipuri na mikopo. LATRA huita mkutano wa wadau, na yeyote anaweza kuhudhuria au kupeleka maoni kwa maandishi. Lipo pia baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kusema upande wa abiria. Ukumbini utaona wenye magari wamejaa safu za mbele na makabrasha yao. Abiria ni wachache, na wengi wao wanasimama kusema maisha ni magumu. Ni kweli maisha ni magumu, ila kwenye jedwali la hesabu hakuna mahali pa kuandika hilo.

Peleka kinachoandikika. Njia moja unayoijua, bei ya mwezi ya sasa na ile inayoombwa, ruti inakatishwa jioni ngapi kwa wiki na hiyo inaongeza kiasi gani. Bei ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Angalia ilikuwa ngapi nauli ilipopanda mara ya mwisho na iko ngapi leo. Kama imeshuka, uliza kwa nini nauli hupanda nayo na haishuki nayo.

Na kama ongezeko linaombwa pamoja na kadi, omba kitu ambacho kadi inaweza na konda hawezi: kukumbuka. London mabasi hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Mwaka 2025 nauli ya basi moja ilikuwa pauni 1.75, na mashine inakumbuka: ndani ya saa moja tangu ulipogusa kwanza, mabasi mengine unapanda bure, na ukifikisha kikomo cha siku, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 5.25, mabasi hayakukati tena mpaka kesho. Hakuna fomu, hakuna kuomba. Abiria wa magari mawili kutoka Chanika anahitaji hilo kuliko wa London. Mfumo wa kadi unaoleta geti bila kuleta nafuu ya kuunganisha umemsaidia mwenye gari kuhesabu hela zake, na umeishia hapo.

Andika yote hayo kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, na jina lako na namba ya simu chini. Ambatanisha picha za kioo na orodha ya namba za magari yaliyokatisha ruti. Toa nakala mbili, moja waachie, nyingine urudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.